Manamba Mstaafu Wakati wa Korona

Tukisikia "mgeni mstaafu" tunamfikiria Mzungu mwenye pensheni. Korogwe na Handeni wapo wengine: wazee wa mkonge. Tangu enzi za Mjerumani na baadaye Mwingereza, mashamba ya Tanga yalichukua vibarua wa mkataba kutoka bara na nchi jirani, wakiwemo Warundi na Wamakonde wa Msumbiji. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Mkataba ulipoisha, baadhi hawakurudi kwao.

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 nilirudi nyumbani Korogwe. Jirani yetu ni mmoja wao, Mrundi, hana mtoto wala pensheni. Asubuhi Babu anafagia uwanja, anakunywa uji kwetu, mchana yuko kijiweni kwa fundi baiskeli, jioni anakula nyumba atakayoitwa. Korona ikaja na ushauri: wazee wasichangamane na watu. Kwa Babu, kujifungia ndani ni kulala njaa, maana chakula chake kiko kwa watu.

Kumtumia hela kwa simu nako kukagoma. Tangu Januari 2020 laini zilizokuwa hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, na usajili unataka namba ya NIDA. Babu hana. Namba aliyowahi kupewa ni ya shamba tu.

Basi majirani tukapanga zamu: sahani mlangoni, ndoo ya maji tiririka na sabuni, shikamoo ya mbali. Ilisaidia, ila zamu inategemea huruma. Serikali za mitaa ziwaandikishe wazee hawa mapema, kabla janga lingine halijabisha hodi.