Watunzi wa Nota Wasiosubiri Ukumbi

Singida haina okestra inayolipa wapigaji mishahara, wala ukumbi uliojengwa kwa ajili ya muziki wa klasiki. Ina kwaya. Jioni za mazoezi, mwalimu huandika nota za d, r, m ubaoni, kisha soprano, alto, tena na besi hujifunza kila moja njia yake kabla ya kuunganishwa. Kwa kijana wa Iramba au Manyoni mwenye tuni kichwani, hiyo ndiyo okestra yake ya kwanza.

Jaribio kubwa la utunzi liliwahi kuanzia hapahapa. Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri kutoka Marekani aliyefika Tanganyika mwaka 1946, alifanya kazi miongoni mwa Wanyaturu wa Singida na kuichunguza lugha yao. Kitabu chake kuhusu lugha hiyo kilitoka mwaka 1964. Kinyaturu ni lugha ya toni, kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana. Maneno yake yakivishwa tuni ya Kijerumani, tuni inaweza kupanda pale neno linapotaka kushuka. Kwa nyimbo za kanisa, Olson alizigeukia tuni za wenyeji, na kazi hiyo ikazaa kitabu cha nyimbo, Tumshangilie Mungu. Katika chuo cha theolojia cha Kilutheri cha Makumira, mwanafunzi Bernard Kyamanywa alitunga maneno ya Mfurahini, Haleluya mwaka 1966 kwa tuni ya Kihaya. Leo wimbo huo umo katika vitabu vya makanisa ya Ulaya na Marekani.

Nje ya kanisa pia njia zipo. Mganda Justinian Tamusuza aliandikia fidla mbili, viola na chelo muziki wenye miondoko ya Kiganda. Kundi la Kronos Quartet likarekodi sehemu yake katika albamu ya Pieces of Africa ya mwaka 1992. Mkenya Nyokabi Kariũki alikwenda mbali zaidi. Katika rekodi yake peace places: kenyan memories, ya mwaka 2022, sauti alizorekodi nyumbani Kenya, zikiwemo za shamba la bibi yake, zinafumwa pamoja na uimbaji na ala. Mazingira yenyewe yamekuwa sehemu ya utunzi.

Uchapishaji nao umebadilika. Programu ya kuandikia nota ya MuseScore ni ya bure, na tovuti ya Swahili Music Notes inahifadhi maelfu ya nyimbo za watunzi wa Kiswahili, tayari kupakuliwa. Mtunzi wa Kiomboi, Iramba, akiweka nota zake huko jioni, kwaya ya Mwanza inaweza kuzifanyia mazoezi kesho yake, bila mchapishaji kati yao.

Kinachokosekana ni nafasi ya kujaribu. Sehemu kubwa ya nyimbo za tovuti hiyo ni za ibada, na ibada ina utaratibu wake. Maofisa utamaduni na walimu wa kwaya wakitenga hata jioni moja kwa mwaka kwa kazi mpya zisizo za ibada, mtunzi ataweza kuzikutanisha sauti nne na ngoma za Kinyaturu, au na upepo wa Singida uliorekodiwa kwa simu kando ya Ziwa Singidani, mbele ya watu watakaomwambia papo hapo kama wamemwelewa.