Chumvi Bustanini: Virutubisho Vinavyoisaidia Mboga Kuvumilia

Ziwa Victoria ni maji baridi, kwa hiyo wengi wetu hudhani tatizo la chumvi ni la wakulima wa pwani. Sivyo. Bustani inayomwagiliwa maji ya mto uliopita kwenye makazi, kama Mirongo hapa Mabatini, hupokea sodiamu itokanayo na sabuni na majitaka. Baadhi ya visima navyo vina maji ya chumvi. Vijijini Usukumani uko udongo mgumu uitwao ibambasi, wenye sodiamu nyingi kwa asili.

Dalili zake hudanganya. Kingo za majani huungua, na mmea hunyauka hata udongo ukiwa na unyevu. Mkulima hudhani ni njaa ya mbolea, akaongeza. Lakini mbolea nyingi za dukani nazo ni chumvi, na samadi mbichi ya kuku pia ina chumvi nyingi. Fedha inapotea na mboga zinakufa.

Chumvi hudhuru kwa njia mbili. Kwanza, huyashika maji udongoni hata mizizi ishindwe kuyavuta. Pili, sodiamu na kloraidi huingia ndani ya mmea na kuchukua nafasi ya chakula chake. Hapo ndipo virutubisho vinaposaidia:

1. Potasiamu. Inafanana na sodiamu, hivyo zote hugombea mlango mmoja kwenye mzizi. Potasiamu ikiwa ya kutosha, sodiamu inayoingia hupungua.

2. Kalsiamu. Huimarisha kuta na ngozi za seli za mizizi, ili mzizi uweze kuchagua cha kupokea na cha kukataa.

3. Naitrojeni ya naitreti. Hushindana na kloraidi. Mbolea ya CAN ina naitreti na kalsiamu pia.

Ukihitaji mbolea ya potasiamu, chagua ya salfeti, kwani ile ya kloraidi inakuongezea adui yuleyule. Majivu yana potasiamu, lakini yanazidisha hali ya magadi. Usiyatumie kwenye ibambasi. Mbolea yoyote igawe kidogo kidogo, kwa awamu.

Tukumbuke kwamba virutubisho havitoi chumvi udongoni. Chimba kwanza mfereji wa kutolea maji, kisha mwagilia maji safi mengi ili chumvi ioshwe chini ya mizizi. Udongo wenye sodiamu uwekewe kwanza jasi, kama ile inayochimbwa Makanya wilayani Same. Kalsiamu yake huisukuma sodiamu, ndipo maji yaiondoe. Mboji iliyoiva hulainisha udongo, na matandazo hupunguza chumvi kupanda juu.

Chagua pia zao. Chumvi ya udongo hupimwa kwa desisimensi kwa mita. Maharage na karoti huanza kupunguza mavuno ikizidi 1, vitunguu 1.2, kabichi 1.8, nyanya 2.5, na bitiruti 4. Miche michanga ndiyo dhaifu zaidi, hivyo iotesheni kitaluni kwenye udongo na maji yasiyo na chumvi.

Kwa hiyo, kabla kikundi chenu hakijachanga fedha za mfuko mwingine wa mbolea, pelekeni udongo na maji yapimwe. Afisa ugani wa kata atawaelekeza, na kituo cha utafiti cha Ukiriguru hakiko mbali nasi.