Mtoto Anayekataa Chakula: Hasira ya Mzazi si Dawa

Wazazi wengi waijua taabu hii. Chakula kimekwisha pakuliwa, watu wote wameketi, na mtoto wa miaka miwili asukuma sahani, ajitupa chini na kupiga mayowe. Mama hukasirika, baba hutisha kwa fimbo, na mwisho chakula hakiliwi.

Yafaa kwanza kujua sababu. Mtoto mwenye afya atimizapo mwaka 1 huwa na uzito wa karibu mara 3 ya ule aliozaliwa nao. Lakini katika mwaka wa pili huongeza kilo 2 au 3 tu. Basi hamu yake ya kula hupungua, wala huo si ugonjwa. Tena maneno yake ni machache. Hawezi kueleza kwamba ameshiba, amechoka, au uji ni wa moto, kwa hiyo husema kwa kilio.

Haifai kumbana pua na kumlisha kwa nguvu. Mtoto aliaye huweza kupaliwa, na chakula kikiingia katika njia ya pumzi chaweza kumwua. Wala asinyamazishwe kwa chai ya sukari, kwani atajifunza kuwa kilio huleta vitamu. Lililo bora ni mzazi kukaa karibu naye kwa utulivu, kuangalia asijiumize, na kungoja. Akinyamaza, apewe tena chakula kilekile kwa upole. Akikataa, kiondolewe bila ugomvi. Tumbo lake ni dogo, hivyo alishwe kidogo kidogo mara 3 au 4 kwa siku.

Lakini si kila kukataa ni ukaidi. Mtoto aliyeachishwa kunyonya, alishwaye uji wa mahindi tu bila maharagwe, maziwa, mayai wala samaki, huweza kupata kwashakoo, ugonjwa ambao Dkt. Cicely Williams aliueleza mwaka 1933 alipokuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana. Miguu huvimba, nywele hubadilika rangi zikawa nyekundu, na mtoto hununa na kukataa chakula. Huyo apelekwe hospitali upesi.

Hasira ni hasara. Mzazi mtulivu humwona mtoto vyema, akatambua kama ni deko au ni maradhi.