Tusiwakalishe wazee wetu kabla ya wakati wao

Kuanguka kwa mtu mzima hakuhesabiwi kuwa ni maradhi. Bibi akiteleza uani, majirani huja kutoa pole, mguu hufungwa bandeji, na wengi husema, “Ni umri tu.” Takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) zatuonesha kuwa jambo hili ni kubwa kuliko tunavyolichukulia. Kila mwaka watu wapatao 684,000 hufariki dunia kwa sababu ya kuanguka, zaidi ya asilimia 80 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wanaofariki kwa wingi zaidi ni wale waliovuka umri wa miaka 60. Hata aliyenusurika, akiwa amevunjika nyonga, mara nyingi hakirudii tena kile kiwango cha kujitegemea alichokuwa nacho.

Dawa tunayoikimbilia majumbani mwetu ni kumkalisha mzee. “Mama, usiinuke, tutafanya sisi.” Maji huletewa alipo, chakula huletewa alipo, na akitaka kwenda sokoni huambiwa atume mtoto. Nia hapa ni njema, kwani kuwatendea wema wazazi ni wajibu wetu. Lakini misuli isiyotumika hupungua, na kwa mtu mzima hupungua haraka na hurudi kwa taabu. Mzee aliyekalishwa kwa hofu ya kuanguka hudhoofika miguu na mgongo, na siku atakayolazimika kuinuka peke yake usiku, hapo ndipo huanguka.

Yafaa kwanza tufahamu jinsi mwili unavyosimama. Ubongo hupokea habari kutoka sehemu tatu: macho, viungo vilivyo ndani ya sikio, na hisia za nyayo na maungio. Ukishazikusanya, huiamuru misuli irekebishe mwili kabla haujaelemea upande mmoja. Ndiyo maana hata kijana huyumba akisimama kwa mguu mmoja huku amefumba macho.

Misuli inayobeba kazi hiyo si ya miguu peke yake. Ipo ya kiwiliwili, yaani ya tumbo, mgongo na nyonga, inayouzunguka uti wa mgongo mfano wa mshipi. Katika miaka ya 1990, watafiti Paul Hodges na Carolyn Richardson wa Australia walibaini kwamba mtu anapotaka kuinua mkono, msuli wa ndani kabisa wa tumbo huanza kukaza kabla ya msuli wa bega. Mkono haujainuka, kiwiliwili kimekwisha kujifunga. Kwa wenye maumivu ya mgongo, msuli huo ulichelewa. Kuimarisha kiwiliwili, basi, si suala la kupunguza kitambi wala la urembo wa vijana. Ni suala la mtu kuweza kubeba birika la maji bila kuyumba.

Je, aliyekwisha kudhoofika aweza kurejeza nguvu zake? Jibu zuri lilitoka New Zealand. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, wakiongozwa na John Campbell na Clare Robertson, walitayarisha programu ya mazoezi ya nguvu za miguu na ya kusimama imara, ambayo mzee huifanya nyumbani kwake mwenyewe, bila ya kwenda ukumbini. Mtaalamu alimtembelea mara chache kumfundisha, kisha mzee akaendelea peke yake: nusu saa, mara 3 kwa wiki, pamoja na kutembea.

Utafiti wao uliochapishwa mwaka 1997 ulihusisha wanawake 233 wenye umri wa miaka 80 na zaidi. Baada ya mwaka mmoja, kundi lililofanya mazoezi lilipata maanguko 88. Kundi lisilofanya, karibu sawa kwa idadi, lilipata 152. Tuzingatie umri huo: hawakuwa watu wa makamo, walikuwa vikongwe.

Sisi tunacho kipimo kilicho karibu nasi zaidi. Swala ni ibada, wala haisaliwi kwa ajili ya mazoezi. Hata hivyo, anayesali huinuka kutoka sakafuni mara nyingi kwa siku. Daktari Claudio Gil Araújo wa Brazil na wenzake wamekitumia kitendo hicho hasa, cha kukaa chini na kuinuka bila kushika kitu, kuwa kipimo cha uwezo wa mwili. Basi tukimwona mzazi ameanza kujivuta kwa ukuta anapotoka katika sijda, au hawezi tena kuinua mguu mmoja anapoosha nyayo wakati wa kutawadha, tusingoje aanguke. Aliyeshindwa kusimama ana ruhusa ya kusali ameketi. Ila dalili hiyo ituamshe tumsaidie.

Mazoezi yafuatayo hayahitaji kifaa chochote. Kwanza, kiti imara kiegemezwe ukutani. Mzee ainuke na kuketi polepole mara 5, na kadiri siku zinavyokwenda afike 10, akipunguza kujisukuma kwa mikono. Pili, ashike meza, ainue visigino na kuvishusha mara 10. Tatu, asimame karibu na ukuta, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, kwa sekunde 10. Nne, likishakuwa jepesi hilo, asimame kwa mguu mmoja muda huohuo, kisha abadilishe.

Kwa anayeweza kushuka sakafuni, alale chali kwenye mkeka, akunje magoti, ainue nyonga na kuishusha taratibu. Kisha apige magoti na kuweka viganja chini, anyooshe mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja, akihesabu hadi 5, halafu upande wa pili. Asizuie pumzi.

Mtu awe karibu naye wakati wote. Sakafu iwe kavu, na ndala zinazoteleza zivuliwe. Mwenye kizunguzungu, maumivu ya kifua, shinikizo la damu lisilodhibitiwa au aliyewahi kuvunjika aonane kwanza na daktari. Mazoezi pia hayaondoi haja ya taa njiani kuelekea chooni, wala ya kupimwa macho.

WHO inashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya namna hii siku 3 au zaidi kwa wiki, na watu wazima wote waimarishe misuli angalau siku 2. Kwa hiyo jambo hili si la babu na bibi pekee. Tunashauri kila familia ichague wakati mmoja, mathalani baada ya Alasiri, na vijana wafanye pamoja na wazee wao. Na mama akisema atachota mwenyewe maji yake, tumwachie achote, nasi tusimame karibu.