Je, Wajua? Roboti ya Kufagia katika Nyumba ya Paka

Je, wajua kwamba roboti ya bei nafuu ifagiayo sakafu haina habari kwamba inafagia? Haioni vumbi kama mtu alionavyo, haijui manyoya ya paka ni kitu gani, wala haiwezi kupambanua baina ya mguu wa kiti na mguu wa mwenye nyumba. Ijualo ni kwamba imegusa kitu au haikugusa, kwamba chini yake pana sakafu au pana shimo, na kwamba betri yake ingali na nguvu au imekwisha. Kwa maarifa haya machache, chombo hiki cha mviringo, chenye upana wa sentimita 30 na kitu na kimo kisichofika sentimita 10, hupita chini ya vitanda na makabati ambako ufagio hufika kwa taabu, kikatoka na fungu la manyoya na mchanga la kumstaajabisha hata mtu aliyefagia asubuhi ile ile. Katika nyumba yenye paka au mbwa, ambamo manyoya hayaachi kuanguka usiku wala mchana, kuyafahamu maarifa hayo pamoja na mipaka yake ndiko kunakompambanua mtu anayenufaika na chombo hiki na mtu anayejuta kukinunua.

Ufundi wa kuondoa vumbi kwa kulifyonza ulianza kwa mashine kubwa mno. Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, alipata hataza ya mashine iliyokokotwa na farasi, ikasimamishwa njiani nje ya nyumba, na mipira yake mirefu ikapitishwa madirishani mpaka kwenye mazulia. Mashine hiyo ndiyo iliyosafisha mazulia ya Westminster Abbey mjini London kabla ya kutawazwa Mfalme Edward VII mwaka 1902. Miaka michache baadaye James Murray Spangler, mfagizi wa duka katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, Marekani, ambaye pumu yake ilizidishwa na vumbi la kazi yake mwenyewe, alibuni mashine ndogo iliyoweza kusukumwa na mtu mmoja. Alipata hataza mwaka 1908, na haki zake zikanunuliwa na William Hoover, ambaye jina lake lilikuja kuenea duniani pamoja na mashine hizo. Lakini kwa muda wa miaka 90 na zaidi tangu hapo mashine ilibaki na haja ya mkono wa kuiongoza. Mwaka 2001 kampuni ya Electrolux ya Sweden ilianza kuuza Trilobite, roboti iliyopima umbali wa vitu kwa mwangwi wa sauti isiyosikika na binadamu. Ilikuwa kazi ya ufundi wa hali ya juu, ila bei yake ilikuwa mbali na mkono wa mtu wa kawaida.

Njia ya kuelekea kwenye bei nafuu ilifunguliwa na fikira. Rodney Brooks, mzaliwa wa Australia aliyekuwa akifundisha katika chuo cha MIT, alichapisha mwaka 1986 makala yaliyoipinga dhana iliyotawala wakati ule, kwamba mashine haina budi kwanza ijijengee ramani kamili ya mahali ilipo, kisha itafakari, ndipo itende. Yeye alionyesha kwamba tabia ndogo ndogo zilizopangwa kwa matabaka, kila moja ikiunganishwa moja kwa moja na kihisi chake, zaweza kuzaa mwendo wenye manufaa: tabaka la chini huepuka kugonga vitu, tabaka la pili hutangatanga, na tabaka la juu yake huelekea mahali palipokusudiwa. Mwaka 1990 Brooks, pamoja na Colin Angle na Helen Greiner, waliasisi kampuni ya iRobot, na Septemba 2002 kampuni hiyo ikatoa Roomba, iliyouzwa kwa dola 200 hivi. Roboti nyingi za bei nafuu zilizokuja baadaye, ziwe za kiwanda gani, zimerithi fikira ile, nazo hutenda kwanza kwa kugusa na kuhisi, bila ya kungoja kuijua nyumba.

Roomba ya kwanza haikuwa na ramani hata kidogo. Ilizunguka kwa duara linalopanuka, ilipokutana na ukuta ikaufuata, kisha ikakata chumba kwa mistari iliyonyooka huku ikigeuka kila ilipogusa kitu. Mwendo kama huu una hisabati yake ya kuvutia, kwa sababu roboti inayokwenda kwa kubahatisha hurudia mara nyingi mahali ilipokwisha kupita. Tuseme kwamba njia zake ni za kubahatisha kabisa: ikiisha kutembea mwendo ambao ungetosha kukifunika chumba mara moja, itakuwa imeacha takriban sehemu 37 katika kila 100 bila ya kuzigusa, ikitembea mara mbili ya mwendo huo itaacha sehemu 14 hivi, na mara tatu, sehemu 5. Mtu anayekaa kitini akiitazama inavyopita tena na tena penye usafi, ilhali kishungi cha manyoya kimelala hatua mbili kutoka hapo, hupatwa na ghadhabu. Lakini sehemu zilizosalimika leo si zile zitakazosalimika kesho, na ikiwa kila siku huachwa 14 katika 100, basi zilizoachwa siku zote mbili mfululizo hazizidi 2. Bandu bandu humaliza gogo, na fadhila yote ya chombo hiki imo katika kurudia kwake bila ya kuchoka. Zinazobaki ni pembe za ukuta, ambazo umbo la mviringo haliwezi kuzijaza, na nafasi nyembamba nyuma ya miguu ya meza. Huko ufagio ungali na kazi.

Nyingi za roboti za bei nafuu za siku hizi zimeendelea kupita hapo. Zina jairoskopu ndogo inayopima kila zinapogeuka, nazo hukata chumba kwa mistari sambamba kama mkulima alimaye matuta. Ila gurudumu likiteleza juu ya zulia au mchanga, kosa dogo la hesabu hujilimbikiza, na mistari ikaenda upande. Kipimo cha leza, ambacho kampuni ya Neato ilikiingiza katika roboti ya nyumbani mwaka 2010, sasa kimeteremka bei hata kikaonekana kwenye mashine za kiasi, na mwenye uwezo wa kuongeza fedha kidogo asikipuuze.

Chini ya tumbo la roboti mna vihisi vinavyomulika sakafu kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na kungoja mwanga huo urudi. Ukirudi, pana sakafu. Usiporudi, pana ngazi, na roboti hurudi nyuma isianguke. Kwa kuwa rangi nyeusi humeza mwanga, zulia jeusi au pambo jeusi lenye upana katikati ya zulia huonekana kwake kama shimo, nayo hukataa katakata kulikanyaga. Hali kadhalika kituo chake cha kuchajia hutoa ishara ya infraredi ya kuiita irudi. Umeme ukikatika, jambo tulilolizoea, ishara hunyamaza, na roboti huzunguka ikitafuta kwao mpaka betri inakwisha, ikakutwa imezima chini ya kitanda. Haina ubovu wowote: yatosha kuirudisha kituoni umeme ukisharudi.

Tuje sasa kwenye manyoya. Katika nchi za baridi wanyama wengi wa nyumbani hupukutika kwa majira, wakifuata urefu wa mchana. Kwetu, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, manyoya huanguka kidogo kidogo siku zote. Unyoya mmoja ni uzi wa keratini, dutu ile ile iliyofanya kucha zetu, nao umevikwa magamba madogo mno yanayoshikamana na nyuzi za zulia. Juu ya sakafu ya vigae au ya saruji laini manyoya hayana mshiko, hukusanywa na upepo wa feni pembezoni mwa chumba, na roboti iliyo dhaifu kabisa huyachukua. Juu ya zulia nene mambo hugeuka, kwani hapo panatakiwa brashi ya kuyakwatua kabla ya hewa kuyabeba.

Ndiyo maana maandishi makubwa yaliyo juu ya sanduku, yanayotangaza paskali 2000 au zaidi, yasimhadae mnunuzi. Kanieneo ya hewa inayotuzunguka ni paskali 101,325, basi paskali 2000 ni kama sehemu moja tu katika 50. Tena kipimo hicho aghalabu huchukuliwa tundu likiwa limezibwa, ambapo hakuna hewa inayopita. Unyoya hubebwa na hewa inayokwenda na brashi inayozunguka, na vyote viwili hudhoofika mara chujio linapoziba au brashi inapofungwa.

Na brashi ya nyumba ya paka hufungwa upesi. Ukiipindua roboti, ukafungua kifuniko na kuitoa brashi, utaona katikati yake pasafi kiasi, lakini kwenye ncha zake mbili, pale inapoingia kwenye vishikio, pana pete ngumu ya manyoya iliyosokotwa pamoja na nywele ndefu za watu na nyuzi zilizochomolewa kwenye matamvua ya msala. Pete hiyo haivutiki kwa vidole. Hukatwa kwa mkasi mwembamba kwa urefu wa brashi, kisha huchambuliwa kidogo kidogo mpaka chuma kionekane. Gurudumu dogo la mbele nalo huchomolewa kwa kulivuta kwa nguvu, na kwenye mhimili wake hukutwa manyoya yaliyokandamizwa hata yakawa mfano wa sufu. Yakiachwa, msuguano huzidi, mota hula umeme mwingi zaidi, joto hupanda, na betri iliyokuwa ikidumu saa moja na nusu haidumu tena. Mwenye paka mmoja wa manyoya mafupi afanye kazi hii walau mara moja kwa wiki, na mwenye paka wa manyoya marefu asingoje wiki ipite. Brashi ya mpira hufungwa kwa uchache kuliko ya nywele, na inafaa kuulizwa dukani kabla ya rangi na umbo. Kikasha cha taka, ambacho katika mashine hizi mara nyingi hakijazi hata lita moja, humwagwa kila baada ya kazi.

Wenye pumu wana neno la ziada la kulizingatia. Kinachowadhuru watu wengi kwa paka si unyoya wenyewe, bali ni protini iitwayo Fel d 1, inayotoka katika mate ya paka na katika tezi za ngozi yake, ikakauka na kupeperuka juu ya chembe ndogo zinazoelea hewani muda mrefu. Hata paka akihamishwa, protini hiyo yaweza kubaki nyumbani kwa miezi. Chujio la daraja ya HEPA hutakiwa kuzuia chembe 99.97 katika kila 100 zenye ukubwa wa maikromita 0.3, lakini chujio jema katika mashine yenye mianya halifai kitu, kwani hewa hupita palipo wepesi. Basi mwenye maradhi asiwe yeye wa kumwaga kikasha, na madirisha yawe wazi roboti inapofanya kazi.

Sasa nifikie jambo ambalo kwa watu wa pwani ni zito kuliko yote. Paka ni tohara, huzunguka nyumbani mwetu na kulala juu ya mikeka yetu bila ya kuharibu swala ya mtu. Lakini kinyesi chake ni najisi, na roboti ya bei nafuu haina kihisi cha kukitambua. Ikipita juu ya kinyesi kibichi au matapishi, brashi na magurudumu huyachukua, na kwa kuwa imeumbwa kufika kila mahali, hueneza kila mahali, mpaka kwenye msala. Jambo hili halikuwasumbua watu wa pwani pekee. Mwaka 2021 iRobot ilitoa mashine yenye kamera, iitwayo j7+, iliyofundishwa kukitambua kinyesi cha wanyama na kukiepuka, na kampuni ikaahidi kumbadilishia mnunuzi mashine iwapo itashindwa. Huo ni ufundi wa bei ya juu. Katika mashine ya bei nafuu jicho la kupambanua ni la mwenye nyumba, naye hana udhuru wa kutopitia vyumba kabla ya kuiwasha: ainue msala, aondoe bakuli la maji na nyaya za simu, aangalie pembe anazozipenda paka wake. Asiiamuru ifanye kazi usiku watu wamelala au mchana nyumba ikiwa tupu.

Paka mwenyewe naye ana haki ya kuhurumiwa. Sisi husikia sauti mpaka mitetemo 20,000 kwa sekunde, ilhali paka hupita 60,000, kwa hiyo katika mvumo wa mota yamkini yeye husikia mengi tusiyoyasikia. Mashine iwekwe siku kadhaa ikiwa imezimwa, anuse na kujisugua nayo. Kisha iwashwe chumba cha pili mlango ukiwa wazi, asilazimishwe kusogea, na mahali pake pa juu pa kukimbilia pasiondolewe. Wako watakaoizoea hata wakaipanda, na wako watakaoikwepa maisha yao yote bila ya kudhurika.

Watafiti wa Georgia Tech, Marekani, waliochunguza mwaka 2007 jinsi watu wanavyoishi na Roomba, waliwakuta waliozipa majina na waliozipangia nyumba upya ili zipite kwa wepesi. Naliona jambo hilo kuwa la haki, kwa sababu kila elimu iliyopunguzwa katika mashine ili bei ishuke hubaki deni juu ya mwenye nyumba, alipe kwa uangalizi wake. Mwenye sakafu laini, na paka mzima asiyekosa kujisaidia kwenye sanduku lake la mchanga, hulipa deni hilo kwa dakika chache kila siku, akapata nyumba isiyo na manyoya na mgongo usiouma. Mwenye mtoto wa mbwa ambaye bado hajafundwa, au paka mgonjwa wa tumbo, angoje kwanza. Kwa hiyo anayekusudia kununua, kabla ya kuuliza mashine ina paskali ngapi, aulize mnyama wake ana ada gani.