Helikopta ya kuchezea: Nilianza na kubwa, nikajuta

Mjukuu wangu alipopita mtihani nilimuahidi helikopta, hizi zinazoongozwa kwa redio. Nikenda dukani hapa Mombasa na kiburi cha mtu mzima, nikachagua iliyo kubwa na yenye kung'aa kuliko zote. Mwenye duka hakuniuliza ni nani atakayeirusha, nami sikumuuliza kitu. Jioni ile, uani, niliisukuma fimbo ya rimoti kidogo tu. Ikaruka, ikalala ubavu, ikampita mtoto karibu na uso, ikapiga ukuta. Mapanga yakavunjika vipande vipande. Mtoto hakuumia, walakini nikikumbuka moyo hunienda mbio.

Ndipo nilipouliza. Kumbe ile ni ya mafundi. Mapanga yake hubadili mlalo huku yakizunguka, kwa hivyo huitika papo kwa papo, na aijuaye huweza kuirusha hata kichwa chini. Asiyeijua huweza kupoteza kidole.

Ya kuanzia, msomaji, ni ndogo ya kiasi cha shubiri, yenye jozi mbili za mapanga, moja juu ya nyingine, zizungukazo kinyume. Jozi hii ikitaka kuupinda mwili kulia, ile huuvuta kushoto, basi kidude hutulia chenyewe hewani. Siku hizi zipo pia zenye jozi moja, zinazosawazishwa na jairo na kujishikilia kimo, nazo zafaa. Lakini tazama rimoti iwe na mienendo minne: kupanda na kushuka, kugeuka, kwenda mbele na nyuma, na kwenda upande. Zenye mitatu haziendi upande, na aliyezizoea hana budi kujifunza upya. Kisha uliza vipuri. Helikopta ya mwanagenzi itaanguka tu. Mapanga ya akiba yasipopatikana, umenunua pambo la kabati.

Betri zake ni za lithiamu. Usiziache zikichajiwa watu wamelala, na iliyovimba usiitumie tena.

Wepesi nao una ila yake: upepo. Kusi huichukua kama karatasi. Sisi hurushia sebuleni, viti tumevisogeza, na bibi yake kanuna.

Kilichonishinda mimi ni pua. Ikielekea mbele, kulia ni kulia. Ikinigeukia, kulia huwa kushoto, na mkono wangu wa miaka hamsini na kitu haukubali. Mjukuu akanambia, "Babu, iweke ikupe mgongo kwanza." Wiki mbili tukawa hivyo, kuinua na kutua, kuinua na kutua. Juzi yeye kaigeuza ikamtazama, akaishikilia hewani, akaitua katikati ya zulia.

Ile kubwa ingali kabatini, haina mapanga. Jana ameniuliza lini tutaitengeneza. Nimemwambia bado.