Kufuta, Kuunganisha na Kubadili Msimamizi: Maombi ya Uondoaji wa Vifurushi katika Hifadhi za Programu za Kijamii

Kifurushi cha programu ni mkusanyiko wa faili na maelekezo yanayowezesha kompyuta kusakinisha programu fulani. Vifurushi huwekwa katika hifadhi, na baadhi ya hifadhi hizo huendeshwa na watu wanaojitolea. Makala hii inajenga hoja kwamba kitenzi “ondoa”, kinachotumiwa na waombaji wengi, huficha matendo matatu yenye athari tofauti, na kwamba ushughulikiaji bora wa maombi huanza kwa kuyatofautisha.

Athari ya kutoyatofautisha ilidhihirika tarehe 22 Machi 2016 katika hifadhi ya npm, iliyoendeshwa na kampuni binafsi. Mwandishi mmoja wa programu, baada ya mgogoro kuhusu jina la kifurushi chake kingine, aliondoa vifurushi vyake vyote. Miongoni mwavyo kilikuwamo left-pad, chenye mistari 11 tu ya msimbo. Kwa kuwa programu nyingi zilikitegemea, moja kwa moja au kupitia vifurushi vingine, ujenzi wake ulikwama katika nchi mbalimbali. Kifurushi kilirejeshwa ndani ya saa chache, na baadaye kampuni ikaweka masharti: kifurushi kilichopitisha saa 24 tangu kuwekwa hakingeondolewa tena kwa uamuzi wa mwenyewe peke yake.

Hifadhi ya watumiaji wa Arch Linux, iitwayo AUR, imeyapa matendo hayo matatu majina tofauti. La kwanza ni kufuta, ambapo mwombaji hutakiwa kueleza sababu kwa maandishi. La pili ni kuunganisha, linalofaa pale kifurushi kinapobadilishwa jina au kinaporudia kingine. Kura na maoni ya watumiaji huhamishiwa kwenye kifurushi kinachobaki. La tatu ni kumvua msimamizi dhamana, ili kifurushi kiwe yatima na mtu mwingine aweze kukichukua. Msimamizi wa sasa asipojibu kwa wiki mbili, ombi hili hukubaliwa. Na kama kifurushi kimewekewa alama ya kupitwa na wakati kwa siku 180 au zaidi, hukubaliwa papo hapo bila kusubiri.

Tofauti hiyo ina uzito wa kisera. Msimamizi aliyechoka hana haja ya kuomba kifurushi kifutwe. Anachohitaji ni kukabidhi dhamana. Yatima hutafutiwa mlezi, hafukuzwi nyumbani. Vilevile, muda wa kungoja humlinda msimamizi aliye kimya kwa sababu ya ugonjwa au safari, bila kuwafunga watumiaji kwa kimya chake daima.

Mradi wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993, unaongeza kanuni nyingine mbili. Ombi la kuondoa kifurushi huwasilishwa hadharani katika mfumo wa taarifa za hitilafu, likionyesha kama limetoka kwa msimamizi mwenyewe au kwa wakaguzi wa ubora. Kisha wasimamizi wa hazina huangalia ni vifurushi vipi vingine vinavyokitegemea, na kwa kawaida utegemezi huo hushughulikiwa kwanza. Matoleo ya zamani hubaki katika kumbukumbu za mradi, hivyo kuondoa hakumaanishi kuangamiza.

Mafunzo haya yanawahusu pia waratibu wa kanzidata za istilahi na kamusi za kusahihishia tahajia za Kiswahili, kwani rasilimali hizo nazo huingizwa ndani ya programu za watu wengine. Kabla ya kukubali ombi lolote, mratibu ajiulize maswali manne: mwombaji anataka tendo gani hasa, ana mamlaka gani, nani atakayeathirika, na nakala itabaki wapi? Masuala ya faragha na hakimiliki huenda yakalazimu ufutaji kamili. Lakini uchovu wa msimamizi mmoja si sababu ya kuwanyima wengine kazi ambayo jamii nzima imekwisha kuitegemea.